Mkono Uliochambua

Kwenye soko la Tandale, Dar es Salaam, mchele huuzwa kwa jina la kwao. Kibao cha boksi kilichochomekwa juu ya rundo husema Kyela, Mbeya, Magugu. Na mara nyingi husema Ifakara. Mnunuzi mzoefu haishii kwenye kibao. Huchota kiganja, hunusa, hutafuna punje chache mbichi, ndipo aamue kama ameambiwa kweli. Sisi wa bonde la Kilombero tunajua kwa nini anahangaika hivyo: jina la mji wetu limebebeshwa michele mingi isiyoyajua maji ya mto Lumemo.

Wala sheria haitulindii jina hilo kirahisi. BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, husajili alama ya biashara kwa miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10, lakini jina tupu la mahali ni vigumu mtu mmoja kulihodhi, na ndivyo inavyostahili. Ifakara ni ya Wandamba, ni ya Wapogoro, ni ya kila aliyehamia akashika jembe. Basi mwenye biashara ndogo ya mchele hubaki na swali zito: ukiliondoa jina la mji kwenye mfuko, lako ni lipi?

Mama mmoja wa Lumemo ninayemheshimu sana alilijibu swali hili kwa mikono kabla hajalijibu kwa maneno. Zamani, kabla ya kuuza mchele wake mwenyewe, alikuwa mchambuaji, mmoja wa wale wanawake wanaokaa kwenye mashine za kukoboa, ungo mapajani, wakitoa mawe na chuya kwenye mchele wa wenye mali. Ujira ulikuwa mdogo. Ufundi alioupata pale ni mkubwa, nami nausifu kwa kirefu kwa sababu watu wengi hupita wakidhani wameona kibarua tu.

Mchele huokoka au huharibika siku ya kuanika. Mpunga uliovunwa Mei au Juni bado una maji. Ukitandazwa juani bila kugeuzwa, punje hupasuka ndani kwa ndani, na jicho haliambulii kitu mpaka mashine ikoboe na chenga zimwagike. Yeye huanika juu ya turubai, hupita akiugeuza kwa miguu, na jua la adhuhuri likizidi huukusanya na kuufunika. Wataalamu hulenga unyevu wa kama asilimia 14. Yeye huuma punje: ikikatika kwa mlio mkavu, tayari, ikibonyea, bado.

Kwenye mashine haondoki. Mchele wa aliyetangulia hubaki humo ndani, kwa hiyo debe la kwanza hulitenga. Kisha huja ungo, na hapo ndipo ninapopenda kumtazama. Kiwiko kimetulia, kifundo cha mkono ndicho kinachocheza. Pumba na vumbi huruka mbele, punje nzima hurudi katikati, mchanga hujikusanya upande wake. Mwisho vidole hupita juu ya mchele vikitafuta kisicho mchele, na mara nyingi hukipata kabla ya macho.

Hata harufu ina ufundi wake. Mwaka 1982 watafiti waliibainisha kemikali inayoupa mchele wa kunukia harufu yake, ile ile inayonukia kwenye bisi, nayo hupungua kadiri mchele unavyokaa. Mama huyu hakuhitaji maabara kulijua hilo. Huweka akiba ya mpunga, na hukoboa kidogo kidogo kwa kadiri ya wanaoagiza.

Alipohudhuria mafunzo ya ujasiriamali aliambiwa aandike dhamira ya biashara yake. Wenzake waliandika ubora, huduma nzuri, masoko ya nje. Maneno hayo hayana kosa, ila yangeweza kuandikwa na muuza saruji. Yeye alirudi nyumbani karatasi ikiwa tupu, na siku zilipita kabla hajanieleza alichokuwa akikitafuta. Mama yake mzazi alipofuka uzeeni. Asiyeona hawezi kulisogeza jiwe pembeni ya sahani. Hulijua likishagonga jino. Kwa hiyo kila jioni, baada ya kuchambua mchele wa watu kwa malipo, alichambua wa mama yake mara mbili. Bibi yule alishafariki, lakini vidole havikuacha mazoea. Na anayenunua mfuko uliofungwa, alisema, naye haoni kilichomo.

Tangu nisikie hilo naamini kwamba dhamira ya biashara ndogo haitungwi kwenye semina. Huwa ipo tayari kazini, kwenye kile ambacho mtu angekifanya hata asipolipwa, na kazi ya mwenye biashara ni kukitambua na kukitii. Kwake yeye, mambo mengi yaliamuliwa pale pale. Mwanawe alitaka picha ya milima ya Udzungwa kwenye mfuko. Wakakubaliana nafasi hiyo iandikwe aina ya mbegu, msimu wa mavuno na mwezi wa kukoboa. Mbegu ya Supa huuzwa kama Supa. Saro 5, ambayo ni mbegu nzuri yenye kuzaa sana na imewainua wakulima wengi, huuzwa kwa jina lake na bei yake, bila kufichwa chini ya Supa. Chenga huzipima kando kwa wapika vitumbua, ambao wanazitaka hasa.

Gharama ya msimamo huo huonekana Machi na Aprili, mvua zikishika, akiba ikiisha, na madalali wakipita na magunia ya mikoa mingine yaliyo tayari kuingia kwenye mifuko yake. Huwakatalia. Wateja wa Dar es Salaam wakipiga simu huwaambia hana, huwaelekeza kwa jirani yake mwenye Saro safi, na huwaomba wampigie tena Juni.