"Askari" wa Mwilini: Sitiari Ipimwe

Katika maelezo mengi ya Kiswahili juu ya kinga, chembe nyeupe za damu huitwa askari, na kijidudu cha maradhi huitwa adui. Sitiari hii ni nyepesi kushikika, nayo yastahili sifa kwa hilo. Lakini kwa seli T yapotosha.

Askari humwona adui mzima. Seli T haimwoni. Mwaka 1974, Rolf Zinkernagel na Peter Doherty, wakifanya kazi Canberra, Australia, walionyesha kwa panya kwamba seli T huiua seli iliyoingiwa na virusi endapo tu ina alama za mwili zilizo za asili moja. Baadaye ilibainika kwamba kinachoguswa ni kipande kidogo cha protini ya mgeni, kilichopakatwa na molekuli ya mwili wenyewe. Tena mguso huo pekee hautoshi: seli ambayo haijawahi kuamshwa, isipopata ishara ya pili, huzubaa.

Hata kitenzi "kutambua" kina kasoro. Aghalabu mtu hutambua alichokwisha kukijua. Seli T hulandana na antijeni kwa umbo tu, kama ufunguo na kufuli. Afadhali "kuoana".

Istilahi basi si pambo. Mwalimu afundishaye "askari" bila "kipande kilichopakatwa" hataweza kueleza kwa nini mwili hukataa figo ya mtu mwingine. Hapo hapana adui. Pana alama zisizooana.