Nivushe, na Majina Mengine Yaliyotungwa kwa Subira

Kampuni ya simu iliyokuwa ikiitwa Tigo hapa Tanzania iliipa huduma yake ya mkopo mdogo jina la Nivushe. Lisome taratibu. Mtungaji angeandika Mkopo wa Haraka na kila mtu angeelewa. Yeye akaenda kuchukua kitenzi cha mtu aliyesimama ukingoni mwa maji akisubiri chombo, akakitanguliza kwa ni- ya mwombaji, akakimaliza kwa ile -e ya kuomba kwa adabu. Hivyo anayesema si kampuni tena. Ni mteja mwenyewe. Wala haombi kubebwa hadi nyumbani. Anaomba avushwe tu, akifika ng'ambo atatembea kwa miguu yake. Kukopa kwetu kuna aibu yake, na neno deni ni zito mdomoni. Jina hili limemsitiri mkopaji bila kumdanganya kwamba hakopi.

Naipenda sana kazi hii ya kutunga majina ya biashara, na naona haijapata sifa inayostahili. Fundi seremala tunamsifu kwa meza, mshonaji kwa suti. Aliyetunga neno moja ambalo watu wanalitamka kutwa nzima hatumjui hata kwa sura.

Kenya wanayo Okoa Jahazi ya Safaricom. Salio la simu limekwisha, unakopeshwa, na kampuni inakata asilimia 10. Ni shughuli ndogo kabisa, wakati mwingine ya shilingi chache tu. Lakini msemo wenyewe ni wa pwani, wa mabaharia na dhoruba, na leo unatamkwa Nyeri na Kakamega na watu ambao hawajawahi kukanyaga sitaha ya jahazi. Mtungaji alijua kwamba salio linapokatika katikati ya maongezi na mama yako, moyoni ni dhoruba kweli. Hakukidharau kiasi kidogo cha fedha. Alikipa ukubwa uleule anaouona mwenye shida.

Mwaka 2019 Safaricom hiyohiyo ilileta Fuliza, kwa ajili ya mtu anayetaka kulipa na fedha iliyomo kwenye M-Pesa haitoshi. Kufuliza ni kuendelea bila kukatiza, neno ambalo wengi wetu tulikuwa tumelisahau kwenye kamusi. Lilirudi mitaani na kunyambulika lenyewe: nimefuliza, usifulize, ananifulizia. Huku Tanzania Vodacom walipoleta huduma ya namna hiyo hawakuazima jina la jirani. Waliiita Songesha, kitenzi ambacho tayari kilikuwa kikitembea vijiweni, maana kila anayehangaika atakwambia anasongesha maisha. Mmoja alifukua, mwingine alisikiliza. Sijui nimpe nani zaidi, ila nikilazimishwa nitampa wa Songesha, kwa sababu kusikia neno ambalo kila mtu analisema ni kugumu kuliko kulipata lililofichika.

M-Pesa yenyewe, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, ina kipaji kingine: sauti. Silabi tatu, kila moja inakwisha kwa irabu au inajitosheleza, na mkazo unaangukia pale ambapo Kiswahili huutaka, silabi ya pili kutoka mwisho. Hakuna anayeuliza linatamkwaje. Huduma imeshafika Msumbiji, Lesotho na Ethiopia, nalo jina limekwenda hivyohivyo lilivyo.

Wenye maduka makubwa ya Kenya walishika njia ya mkato. Nakumatt, iliyokuja kufungwa, ilitokana na Nakuru Mattresses, biashara ya magodoro. Naivas imebaki na mji wa Naivasha ndani yake. Unakata jina refu mpaka pale ambapo kukata zaidi kutalijeruhi. Aliyeacha herufi mbili za t mwishoni mwa Nakumatt alijua godoro lake halijasahauliwa.

Mtunga jina mzuri hakai mezani na karatasi. Anapanda daladala na kusikiliza konda anavyofupisha vituo. Analipigia jina kelele kutoka ng'ambo ya barabara aone kama linafika. Analitamka kwenye simu yenye mikwaruzo, kisha anamwomba wa upande wa pili aliandike. Likirudi na herufi tofauti, analiacha, hata kama alilala nalo wiki nzima na kulipenda. Anauliza bibi, anauliza mtoto wa darasa la pili. Anauliza pia mtu wa mkoa mwingine, kwa sababu neno lililo safi Tanga linaweza kuwa tusi mahali pengine.

Zaidi ya yote anajua kwamba mtaa nao una kura yake. Duka linaweza kuandikwa jina la kifahari kwa rangi ya dhahabu, na Dar es Salaam nzima ikaendelea kusema naenda kwa Mangi. Fundi wa kweli hagombani na hilo. Anatafuta neno ambalo mtaa ungelichagua wenyewe kama ungepewa muda.

Kisha yapo ya sheria, ambayo nayo ni sehemu ya ufundi. Tanzania Bara jina linasajiliwa BRELA, na lililofanana mno na la mwingine hukataliwa. Kusajili jina la biashara hakukupi ulinzi wa alama ya biashara. Hiyo inaombwa peke yake, na ya Bara haifiki Zanzibar, ambako kuna msajili wao. Nimeona majina mazuri yakifia hapo, mabango yakiwa yameshachorwa.

Wewe unayefungua biashara mwaka huu, umeshatenga fedha ya kodi ya fremu, ya rafu, ya rangi na ya mchoraji wa bango. Tenga na ya mtu wa maneno. Mpe muda wa kutosha, umsikilize anapokwambia jina ulilolipenda halifai, na akikupatia neno lililokaa sawa, mlipe kama unavyomlipa fundi yeyote aliyemaliza kazi.