Hawala, Pilau na Jenereta Moja



Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike juu ya usiku wa tamthilia na chakula ambao jamii yetu hapa Doha iliuandaa msimu wa baridi uliopita, kwenye shamba la mwenyeji wetu mmoja upande wa Al Khor, kama kilomita 50 kaskazini ya mji. Nilimjibu kwamba mimi ni mhandisi wa umeme, si mhakiki, na kwamba usiku ule nilikuwa miongoni mwa waandaaji, kwa hiyo nitakuwa mshtakiwa na hakimu kwa pamoja. Akasema ndiyo maana anataka niandike mimi. Basi nitaanza na kosa langu mwenyewe, kisha nitayagusa ya wenzangu.

Mahali tulipopewa palikuwa mbali na nyumba ya shamba, kati ya mitende na zizi la mbuzi. Tulikodi jenereta ya KVA 10, ambayo kwa matumizi ya kawaida hukupa kama kilowati 8. Nilipiga hesabu: taa nne za jukwaani za wati 1,000 kila moja, spika na vipaza sauti, taa za jikoni na friji. Jumla kilowati 6. Nikaridhika, nikafunga waya zote kwenye laini moja, jiko na jukwaa pamoja. Wapishi hawakuniambia kwamba watachomeka mabirika mawili makubwa ya kuchemshia chai, na mimi sikuwauliza. Yaliyofuata nitayaeleza mbele. Kwa sasa mjue tu kwamba mtu mwenye shahada ya uhandisi kutoka Pune na miaka zaidi ya ishirini ya kazi alishindwa kuuliza swali moja jikoni.

Tamthilia tuliyoicheza ni *Hawala ya Fedha* ya Amandina Lihamba, mwalimu wa miaka mingi wa sanaa za maonyesho pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Kisa chenyewe kinatokana na hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegali, aliyeitengenezea pia filamu mwaka 1968. Kwa wasioijua hadithi hiyo: kijana anayefagia barabara huko Paris anamtumia mjomba wake Dakar hawala ya faranga 25,000. Elfu mbili ni za mjomba, elfu tatu ni za mama yake kijana, na elfu ishirini zilizobaki awekewe mpaka atakaporudi. Mjomba hana kazi, ana wake wawili na watoto. Kabla hajaigusa hata faranga moja, habari imeshaenea mtaani, mchele umeshakopwa dukani, na wenye shida wanabisha hodi mmoja baada ya mwingine. Posta wanataka kitambulisho. Ili apate kitambulisho anatakiwa cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Mwisho anamwandikia jamaa yake msomi hati ya kumwakilisha, na jamaa huyo anazila fedha zote.

Bila shaka mnaona kwa nini tuliichagua. Nani kati yetu hajapanga foleni mwisho wa mwezi kwenye maduka ya kutuma fedha? Na nani hajapigiwa simu na ndugu wa nyumbani kabla hajatoka hata kwenye foleni yenyewe?

Mwongozaji wetu alifupisha mchezo ukawa wa dakika 50. Akaigeuza Dakar kuwa Temeke, na Paris akaifanya Doha. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo tulipopata na ndipo tulipopoteza. Tulipata kicheko cha papo kwa papo, maana jina la Doha lilipotajwa tu kwenye barua watu walipiga meza. Lakini hebu tufikiri. Mtazamaji wa Dakar aliyeiona hadithi hii alikuwa upande wa mpokeaji: anayajua madirisha ya ofisi, anaujua mchele wa kukopa. Watazamaji wetu wote walikuwa watumaji. Tuliyahamisha majina ya miji bila kuuhamisha mzigo, na matokeo yake ni kwamba sisi tuliokaa mezani tukawa watu wasio na lawama katika mchezo mzima. Tulimtazama mzee akihangaika, tukawatazama majirani wakija na vibakuli vyao, tukasema kimoyomoyo: unaona, ndivyo wanavyozila fedha zetu.

Wake wa mzee walichezwa kwa namna iliyokuza fikra hiyo. Dada zetu wawili wana kipaji, sitawavunja moyo, lakini waliwafanya wale wake kuwa walafi. Kila ulipotajwa mchele walilamba vidole, na hadhira ikaanguka kwa kicheko. Ukiisoma hadithi vizuri utaona wanawake hao wanakopa kwa sababu watoto wana njaa na kwa sababu muuza duka mwenyewe ndiye anayekubali kukopesha akijua hawala ipo. Mlafi wa kisa hiki ni mwingine kabisa, tena amevaa vizuri na anaijua lugha ya ofisini. Kijana wetu aliyemcheza jamaa msomi alimfanya mtu mpole, wa maneno machache, na hiyo ilikuwa kazi nzuri kuliko zote za usiku ule. Bahati mbaya alipoingia jukwaani sambusa zilikuwa zinapitishwa, na nusu ya meza hazikumwona.

Hapa nifike kwenye chakula chenyewe. Wapo waliosema baada ya onyesho kwamba kula na kutazama tamthilia ni tabia ya kigeni. Sikubaliani nao. Waliokuwa vijana Dar es Salaam miaka ya tisini wanakumbuka Muungano ya Norbert Chenga na TOT ya John Komba. Watu walijaa kwenye kumbi za burudani na mabaa, vinywaji mezani, na mbele yao ngoma, sarakasi, kichekesho, maigizo na taarabu mpaka usiku mkubwa. Hakuna aliyesema vinywaji vinaua sanaa. Na kwenye arusi zetu za pwani sinia na taarabu ni vitu vya ua mmoja. Ila tazameni jambo moja: sinia lina wakati wake. Likiwekwa, watu wanakula. Likiondolewa, mwimbaji anasikilizwa, na anayetaka kumtunza anainuka. Na zile kumbi za Dar zilikuwa na kichekesho kifupi cha kustahimili kelele, na maigizo marefu yaliyochezwa kwa sauti kubwa na vitendo vikubwa kwa sababu wachezaji walijua wanashindana na chupa. Sisi tulichukua mchezo wa maneno ya kusikilizwa, tukaukata vipande vitatu, na katikati ya kila kipande tukapakua. Kwa maoni yangu, jioni yetu iliharibiwa na ratiba ya kupakua, na hiyo tuliipanga sisi wenyewe kwenye kikao.

Sasa turudi kwenye umeme. Katika sehemu ya pili, mzee anasimama mbele ya dirisha la ofisi. Karani anamwuliza: utathibitishaje kwamba wewe ni wewe? Wakati huohuo huko jikoni mtu akachomeka birika la pili. Swichi kubwa ikakata. Giza. Nilikimbia kwenye jenereta na tochi ya simu mdomoni, na ilinichukua dakika saba kulipata tatizo, kuyachomoa mabirika na kurudisha moto.

Katika dakika hizo saba kijana aliyemcheza mzee, ambaye kwa kazi yake ni mhasibu, hakunyamaza. Aliendelea gizani, bila kipaza sauti, akiwaeleza makarani jina lake, jina la baba yake, mtaa wake, watu wanaomjua. Niliyasikia yote nikiwa nimepiga magoti kwenye mchanga. Sikusikia kijiko hata kimoja. Watu hawakuona sahani zao, basi wakasikiliza. Mwanaume asiyeweza kuthibitisha yeye ni nani, na sisi hatuuoni uso wake. Taa ziliporudi watu walipiga makofi, nadhani wengine walidhani tulipanga. Hatukupanga. Lakini mhakiki mwaminifu lazima aseme kwamba mchezo wetu ulichezwa kama inavyotakiwa kwa dakika saba tu, na ni zile ambazo jiko na jukwaa vilizimika pamoja.

Kuna watu wengine waliosikiliza usiku ule, na hao hawakuhitaji giza. Kiingilio chetu kilikuwa riyali 100. Kima cha chini cha mshahara hapa Qatar, tangu Machi 2021, ni riyali 1,000 kwa mwezi, mbali na posho ya malazi na chakula kwa asiyepewa na mwajiri. Maana yake tikiti yetu ilikuwa sehemu moja ya kumi ya mshahara wa kijana anayeanza ulinzi au usafi. Vijana wa namna hiyo walikuwepo shambani, Wakenya, Waganda na wa kwetu, lakini walikuja kubeba sahani. Walisimama nyuma, kwenye mitende. Wake wa mzee walipolamba vidole na meza zikacheka, wao hawakucheka. Mzee alipoambiwa hana kitambulisho, wao ndio waliotikisa vichwa, kwa kuwa wanalijua jambo hilo. Hapa Doha huwezi kutuma hata riyali 50 dukani bila kitambulisho cha ukaazi kilicho hai. Ambaye cha kwake kimekwisha muda humwomba rafiki amtumie kwa jina lake, kisha hukaa akiomba Mungu rafiki awe mwaminifu. Kumbe hiyo ndiyo hati ya kumwakilisha ya kwenye hadithi.

Tulipokuwa tunakusanya waya, kijana mmoja kutoka Kenya alinifuata na rundo la sahani mikononi. Akasema, "Mzee, naomba kuuliza. Yule mama wa kijana, zake alipata?"

Sikuwa na jibu. Katika hadithi ya Sembène mama huyo anafika mwenyewe kufuata zake. Sisi tulimtaja kwenye barua, halafu tukamwacha, ili tupate muda wa kupakua pilau. Nilimwambia kijana kwamba tulifupisha. Akasema, "Sawa, mzee," akaenda zake na sahani.

Katika watu karibu mia waliokuwepo, sikumsikia mwingine aliyemwulizia mama. Nimefikiri sana tangu siku ile. Tamthilia za Kiafrika za shambani zina mfano mkubwa, nao ni Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa pale walijenga kwa mikono yao ukumbi usio na paa wa kukaa watu wapatao 2,000, wakacheza wenyewe mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali ilifuta kibali mwezi Novemba mwaka huohuo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Sisemi tufanye ya Kamĩrĩĩthũ hapa ugenini, kila nyumba ina mwenyewe na sisi ni wageni. Nasema tu kwamba waliojenga pale ndio waliopanda jukwaani. Kwetu waliobeba sahani hawakupata hata kiti.

Mwisho wa mchezo wetu pia nina neno nao. Kwa Sembène, mzee aliyeibiwa anasema uaminifu umekuwa kosa na kwamba naye sasa atakuwa mwizi, na mtu wa posta anamkatalia. Sisi tulimaliza kwa mzee kuanguka kitini, taarabu ikaingia, halwa na kahawa vikafuata. Watu walikwenda nyumbani na ladha tamu. Mchezo huu haukustahili ladha hiyo.

Kamati imeniuliza kama turudie msimu ujao. Jibu langu ni ndiyo, tena tamthilia ileile. Tule kwanza mpaka tushibe, masinia yaondolewe, halafu mchezo uchezwe wote bila kukatwa. Mama arudishwe. Kama mtumaji yuko Doha, basi na yeye aonekane, chumbani kwake, akihesabu. Waliobeba masinia wakae mbele, kwa viti vilivyolipiwa kutoka kiingilio chetu. Na jikoni kuwe na jenereta yake. Hilo la mwisho nitalishughulikia mimi, na safari hii nitauliza.