Lugha na Vita katika Mataifa ya Kubuni

Miongoni mwa kazi ngumu anazoweza kujitwika mtunzi wa riwaya ni kuumba ulimwengu mzima usiokuwapo, wenye mataifa yanayohasimiana, mipaka yake, vita vyake na lugha zake. Ni rahisi kwa mhakiki kuihesabu kazi hiyo kuwa ni mchezo wa mtu mwenye wasaa mwingi, na kuzichukulia lugha za kubuni kama pambo linalotundikwa juu ya hadithi baada ya hadithi yenyewe kukamilika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kinyume cha mawazo hayo. Katika ulimwengu wa kubuni, kama ilivyo katika ulimwengu wa kweli, lugha na vita havitengani: vita huacha kovu katika lugha, na lugha huweza kuwa ndiyo inayovifanya vita vidumu. Mtunzi anayebuni vita pasipo kuuliza vimewafanya nini wasemaji wake huwa amebuni nusu ya taifa. Kipimo hicho kitatumiwa hapa kwa watunzi watatu, yaani J. R. R. Tolkien na George Orwell wa Uingereza, na Shaaban Robert wa Tanganyika.

1. Tolkien: lugha yenye damu

Tolkien alikuwa mtaalamu wa lugha kabla ya kuwa mtunzi wa riwaya. Lugha ya Quenya, ambayo sauti zake zaonyesha athari ya Kifini, aliianza mnamo mwaka 1915. Mwaka uliofuata alipigana katika vita vya Somme huko Ufaransa, na ni baada ya kurudishwa kwao akiwa mgonjwa ndipo alipoanza kuandika hadithi za kwanza za vita vya ulimwengu wake. Yeye mwenyewe alishikilia hata uzeeni kwamba lugha ndizo zilizotangulia, na kwamba hadithi zilitungwa ili lugha hizo zipate watu wa kuzisema na nchi ya kusemewa. Dai hilo laweza kuonekana kama mzaha, lakini ushahidi wake umo katika kazi zenyewe.

Mfano ulio bora zaidi unapatikana katika The Silmarillion, kitabu kilichotolewa mwaka 1977, miaka minne baada ya kifo cha mtunzi. Kabila moja la Waelfu, Wanoldor, linatoka ng'ambo ya bahari kuja kupigana na adui mkuu. Ili kupata merikebu, kabila hilo linawaua ndugu zao wa bandarini waliokataa kuwapa. Habari zinapomfikia Thingol, mfalme wa nchi waliyoijia, ambaye ndugu yake mwenyewe ndiye aliyekuwa mkuu wa watu wale waliouawa, hatangazi vita. Anapiga marufuku lugha. Quenya, lugha ya wauaji, haitasemwa tena mbele ya watu wake. Wageni wanalazimika kujifunza Sindarin, lugha ya wenyeji, na Quenya inabakia kuwa lugha ya elimu na ya sherehe, isiyo na mtoto anayeinyonya pamoja na maziwa ya mama.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni namna historia ya vita na historia ya isimu zilivyo kitu kimoja. Quenya na Sindarin ni lugha za asili moja, na tofauti za sauti zake zimepangwa kwa kanuni. Kila tofauti ni alama ya utengano uliotokea: nani alisafiri, nani alibaki, nani alimwaga damu ya nani. Msomaji wa Kenya, anayekijua kisa cha kibao kilichovishwa shingoni mwa mtoto wa shule aliyenong'ona lugha ya mama, hahitaji kuelezwa uzito wa marufuku ya lugha. Hata hivyo ni lazima tofauti ionekane. Kibao kilivishwa na mwenye nguvu ili kumvua mwenyeji lugha yake. Thingol ni mwenyeji anayemnyima mgeni mwenye silaha haki ya kuyafanya maneno yake kuwa maneno ya nchi. Tolkien hasemi kwamba mfalme alitenda haki kamili, kwani adhabu inawaangukia pia wasiokuwa na hatia. Huo ndio ukomavu wa kazi yake: marufuku ya lugha imepewa sababu, imepewa uchungu, na haikupewa sifa.

Upande wa adui nao una lugha yake, iliyobuniwa na Sauron kwa ajili ya watumishi wake wote. Lugha hiyo inashindwa. Askari wake wanaivunjavunja wanavyotaka, na makabila yao yanapokutana hulazimika kutumia lugha ya kawaida ya mataifa wanayoyapiga vita. Tolkien, aliyeishi kwa kuchunguza jinsi lugha zinavyobadilika vinywani mwa watu, hakuamini kwamba amri ya mtawala yatosha kuzaa lugha.

2. Orwell: lugha iliyofungwa mlango

Katika Nineteen Eighty-Four, riwaya iliyotoka mwaka 1949, mambo yamegeuzwa. Dunia imegawanyika katika dola tatu, Oceania, Eurasia na Eastasia, zisizokoma kupigana, wala hakuna moja inayoweza kuzishinda nyingine. Vita havina lengo la ushindi. Kazi yake ni kuteketeza mazao ya viwanda ili raia wasipate kuinuka kimaisha, na kuwaweka katika hofu ili watii. Adui anaweza kubadilishwa katikati ya hotuba, na msemaji akaendelea pasipo kukata sentensi.

Lugha mpya ya Oceania, iitwayo Newspeak, kwa kawaida hujadiliwa na wahakiki peke yake, kama somo la udhalimu juu ya fikra. Msamiati wake hupunguzwa toleo baada ya toleo. Neno la ubaya hufutwa, na badala yake likatumiwa neno la wema lenye kikanushi. Neno la uhuru hubaki kwa maana ya kukosa kitu tu, kama vile mbwa kukosa chawa. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna jambo dogo katika riwaya hiyo lisilotajwa mara nyingi, nalo ndilo linaloiunganisha lugha na vita: raia wa Oceania amekatazwa kujifunza lugha ya kigeni. Sababu yake ni nyepesi. Lau angeweza kuzungumza na mtu wa Eurasia, angemkuta ni kiumbe kama yeye, na chuki inayovilisha vita ingekwisha. Kwa hiyo lugha ya Oceania imefungwa pande mbili. Ndani inakatwa maneno, na nje imewekewa ukuta. Kwa Tolkien vita hutenga lugha. Kwa Orwell utengano wa lugha ndio unaovihifadhi vita.

Hapana shaka kwamba ubunifu huo ni wa hali ya juu. Lakini una upungufu ambao msomaji wa Afrika Mashariki ndiye anayestahili zaidi kuutaja. Orwell anaeleza kwamba dola hizo hugombania eneo lenye pembe nne: Tangier, Brazzaville, Darwin na Hong Kong. Atakayezichora pembe hizo juu ya ramani atakuta kwamba Nairobi na Mombasa zimo ndani. Wakazi wa eneo hilo, kama sehemu moja ya tano ya wanadamu wote, hupita kutoka kwa bwana mmoja hadi kwa mwingine na hutumiwa kama makaa ya mawe. Je, wanasema lugha gani? Wanawaitaje mabwana wanaobadilika kila mwaka? Riwaya iliyoandikwa kuhusu lugha haina jibu. Mtunzi aliyewahi kuwa afisa wa polisi nchini Burma tangu mwaka 1922 hadi 1927 hangeweza kukosa kujua kwamba watu wa namna hiyo wana lugha, na kwamba huzungumza mengi bwana asipokuwapo. Ukimya huo waweza kutetewa kwa kusema kwamba msimulizi yuko London na haoni mbali. Utetezi huo wafaa kwa mhusika. Kwa mtunzi hautoshi.

3. Shaaban Robert: mataifa yasiyo na mkalimani

Fasihi ya Kiswahili ina nchi zake za kubuni. Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, ni nchi iliyoko angani. Karama, anayeshtakiwa kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria, anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, na ambao kila mmoja alirudi na mawazo ya manufaa akaishia gerezani. Kufikirika, iliyochapishwa baada ya kifo cha mtunzi cha mwaka 1962, inafuata njia hiyo hiyo ya nchi ya fumbo.

Wajumbe wa Kusadikika wanapita katika mataifa sita, na lugha haiwi kizuizi kwao. Majina ya watu, kama Karama na Majivuno, ni majina ya tabia, nayo yote ni ya Kiswahili. Kwa kipimo kilichowekwa mwanzoni, mataifa hayo ni nusu. Hata hivyo, haki yadai kwamba kila kazi ipimwe pia kwa shabaha yake. Shaaban Robert hakutaka kuumba mataifa. Alitaka kuumba mahakama moja, na kumsimamisha ndani yake mtu mwenye haki mbele ya wenye nguvu. Lau wajumbe wangesumbuka na wakalimani, hoja ya kitabu ingefifia, kwa kuwa hoja yenyewe ni kwamba wema hueleweka popote, na wasiotaka kuuelewa wako nyumbani.

Hatari iko kwa wanaomfuata. Nchi ya fumbo ni njia nzuri ya kukwepa mkono wa mkaguzi, na waandishi wengi wa Afrika Mashariki wameitumia. Lakini pale mwandishi anapotaka mataifa mawili yapigane kweli, yenye majeshi, mateka na wakimbizi, kisha watu wote wakasema Kiswahili sanifu kimoja kisicho na doa, msomaji anapoteza imani. Vita hivyo vinakuwa kama ugomvi wa watu wa chumba kimoja.

4. Akiba iliyomo katika Kiswahili

Si lazima mwandishi wa Kiswahili abuni sarufi mpya kama Tolkien. Historia ya lugha yenyewe imemwekea akiba. Karibu mwaka 1812 majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Uhasama huo ulipiganwa pia kwa mashairi, Muyaka bin Haji akiwa upande wa Mombasa na Zahidi Mngumi upande wa Lamu. Kimvita na Kiamu zilikuwa lahaja za lugha moja na silaha za miji miwili. Usanifishaji uliosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ambao ulichukua Kiunguja kuwa msingi, uliziondoa tofauti hizo katika vitabu vya shule, haukuziondoa vinywani.

Mfano mmoja utatosha. Mtu wa Mombasa husema "teka" pale mtu wa Unguja anaposema "cheka". Mvita mwenyewe hulitenga neno hilo na "teka" la kuteka nyara kwa namna anavyouweka ulimi kwenye meno, lakini sikio la mgeni halitambui. Mtunzi wa mataifa mawili ya kubuni anaweza kusimamisha mkasa mzima juu ya neno hilo: mlinzi wa mpakani anaambiwa kwamba watu wa upande wa pili wanacheka, naye anasikia kwamba wanateka.

Vilevile dhalimu wa Kiswahili asingehitaji kumwiga dhalimu wa Orwell. Kisu cha Newspeak kinafuta vinyume na kuzalisha maneno kwa viambishi, lakini Kiswahili tangu zamani huzalisha maneno kwa viambishi, na kila kiambishi hupanua fikra badala ya kuifinya. Dhalimu mwenye akili angeanza kwenye kauli ya kutendana. Angefuta kiambishi "-ana", na pamoja nacho yangeondoka kupendana, kusaidiana, kushauriana, kuaminiana na kuelewana. Raia angebaki na uwezo wa kutenda na kutendwa. Uwezo wa kutenda pamoja na mwenziwe kwa usawa ungekosa jina. Huenda serikali hiyo ingebakiza kitenzi kimoja tu cha jamii hiyo, yaani kupigana. Ubunifu wa namna hiyo hauwezi kutafsiriwa kutoka Kiingereza, kwa sababu Kiingereza hakina kiungo hicho cha kukatwa.

Kawegere alitafsiri hadithi ya Orwell ya wanyama, nayo ikatoka mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama. Kazi ya kutafsiri ni ya lazima na ina heshima yake. Lakini tafsiri haiwezi kulijaza lile pengo la pembe nne ambamo mamilioni ya watu wamebaki bubu. Anayeweza kulijaza ni mtunzi anayeandika kutoka ndani ya eneo hilo, anayejua lugha zinazosemwa humo, zinazogombana humo na zinazopatana humo. Tolkien amefundisha kwamba lugha hukumbuka vita, na Orwell kwamba vita huogopa lugha ya jirani. Ikiwa riwaya ya Kiswahili itayachukua mafunzo hayo mawili na kuyatia katika sarufi yake yenyewe, mataifa yake ya kubuni yatakuwa na wananchi wenye sauti.