Ufundi wa Kuipa Kelele Mgongo

Msimu wa mbina, yaani ngoma za Wasukuma, huja Usukumani baada ya mavuno, pamba na mahindi vikishaondoka shambani na watu wakapata nafasi. Ndio msimu wa upepo na vumbi pia. Anayerekodi ngoma Shinyanga au Geita hana chumba chenye kuta za sponji. Ana uwanja, ana mti wa kivuli, na huko Nyarugusu ana makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu mchana kutwa. Basi kabla ya kuuliza maiki ipi ni nzuri, fundi wa huku hujiuliza kwanza: nisichokitaka kiko upande gani?

Nausifu ufundi huu kwa sababu hauuzwi dukani. Sikio la mtu huchuja, likamfuata mwimbaji katikati ya makelele. Maiki hubeba kila kinachoifikia. Kuchuja ni kazi ya aliyeichagua na kuisimamisha.

Tazama bugobogobo, ngoma ya majembe. Ngoma kubwa zinanguruma na majembe yanagongwa, chuma kinalia. Hapo maiki ya dainamiki inatosha kabisa. Shure SM57, iliyotoka mwaka 1965, bado inauzwa, na Marekani bei yake ni karibu dola 100. Haihitaji umeme, haipasui sauti ngoma zinapopamba moto, na mgongoni haisikii karibu chochote. Elekeza mgongo huo kwenye karasha au jenereta, nusu ya kazi imekwisha. Bandia zake ni nyingi. Heri maiki halisi ya jina dogo kuliko jina kubwa la kughushi.

Ndono inataka mengine. Ni upinde wenye kibuyu, na sauti yake ni ndogo mno. Ukitumia dainamiki utalazimika kuikuza sauti hadi mvumo wa mashine ya kurekodia uushinde muziki. Hapa inafaa maiki ya kondensa, inayonasa hata sauti ndogo. Kondensa nyingi hudai volti 48 kutoka kwenye mashine, lakini kinasa sauti cha mkononi chenye kondensa mbili ndogo huendeshwa kwa betri tu. Kivishe manyoya ya kuzuia upepo, kiweke dhiraa moja kutoka kwenye kibuyu. Kila ukiongeza umbali mara mbili, sauti ya chombo hushuka desibeli 6; upepo haushuki hata kidogo.

Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, alipozunguka Tanganyika mwaka 1950, alishika maiki mkononi, akaisogeza mwenyewe kwa mwimbaji na kwa chombo. Mizani ya sauti aliipanga palepale, mbele ya wanamuziki. Kijana wa Kahama mwenye maiki moja leo amerithi kazi hiyohiyo, na ni kazi ya heshima: lazima aujue wimbo, ajue ningi, kiongozi wa wimbo, anapomaliza na waitikiaji wanapopokea.

Kwa hiyo anayeanza anunue maiki moja halisi, stendi imara na kizuia upepo. Kisha ahudhurie mazoezi ya kikundi bila kurekodi, azunguke uwanja akisikiliza, awaulize wapigaji wenyewe wanasikika vizuri wapi. Nyimbo za mbina zimejaa mafumbo na majina ya watu, na nyingi hazijaandikwa popote. Maneno yakishafunikwa na upepo, hakuna programu itakayoyarudisha.