Somanga: Kosa Lilikuwa Kwenye Spika, Si Kwenye Lenzi

Kile kipande cha video cha Somanga mmekwisha kukiona, kwa hiyo sitakisimulia chote. Ua wa nyumba ya wageni, mnazi uliokufa ukabaki gogo, kigong'ota dume mwenye kisogo chekundu, na picha moja ambayo kila mtu ameituma kwa mwenzake. Picha ni kali. Namna ilivyopatikana ni mbovu, na ubovu wenyewe una sekunde yake: pale mpiga picha alipobonyeza sauti ya kumwitia ndege kwa mara ya pili.

Nimpe haki yake kwanza. Maficho ya makuti yamekaa upande wa mashariki wa gogo, jua la asubuhi liko mgongoni, spidi ya shata ni ya juu, fokasi imeganda kwenye jicho. Basi.

Sasa turudi kwenye kitufe. Sauti ya kwanza inapolia, gogo ni tupu. Ule mlio mwembamba wa kukereza wa kigong'ota huyu, Dendropicos fuscescens, unatoka kwenye kispika kilichofichwa kwenye majani, na haupiti muda dume anatua. Mtazameni vizuri. Mkia ameukandamiza kwenye gogo, manyoya ya kisogo yamesimama, kichwa kinakwenda kushoto na kulia. Hagongi. Mdomo haujaugusa mti hata mara moja. Huyu hakuja kula wala kuchimba. Kigong'ota huyu hukaa na jike wake kwenye eneo lao, na sauti ya dume mgeni ndani ya eneo hilo maana yake ni kwamba kuna mtu amevuka mpaka. Ni sawa na mtu kukugongea mlango usiku wa manane kwa vitisho, ukatoka na panga mkononi, naye akakupiga picha na kuandika chini yake kwamba mwenyeji amefurahi kupata mgeni.

Hata hapo ningeweza kunyamaza. Wapo wanaoita mara moja, wakaona, wakazima, wakaenda zao. Mimi sipendi, lakini sitafunga safari kwenda kugombana nao. Huyu wetu alikuwa na fremu kadhaa za kutosha mkononi. Tatizo lake likawa kwamba ndege aligeuza uso kivulini na ile nukta ya mwanga jichoni ikapotea. Kwa ajili ya nukta hiyo akabonyeza tena.

Rudisheni video nyuma mtazame pembe ya chini kushoto. Kuna tundu la duara, kingo zake bado nyeupe, mbao mbichi iliyotobolewa karibuni. Sauti ya pili inapolia, kichwa cheusi kinachungulia tunduni. Ni jike, maana hana wekundu kisogoni. Anasita, kisha anaruka na kutoka nje ya fremu. Kuanzia hapo dume anapigana na kivuli, jike hayupo, na tundu halina mlinzi. Mpiga picha hakuliona, au aliliona akaona si kitu. Sijui lipi baya zaidi.

Ndege hawa hupokezana kulalia mayai mchana, na usiku dume ndiye anayelala ndani. Mpango wote huo una shabaha moja, tundu lisikae bila mwenyewe, kwa sababu wapo wanaolisubiri. Kwenzi hupenda nyumba iliyokwisha kuchimbwa na mwingine. Mbaya kuliko kwenzi ni mlembe mdogo, jamaa wa yule anayewaongoza warina asali. Yeye hajengi. Huvizia mashimo ya ndege wengine, vigong'ota wakiwemo, mwenye nyumba akitoka huingia akataga na kuondoka. Kinda wake huanguliwa kipofu, lakini ncha ya mdomo wake ina kulabu, na kwa kulabu hizo huwaua makinda wa mwenyeji. Mlembe anahitaji muda mfupi tu tundu likiwa wazi. Sisemi kwamba aliingia. Nasema mlango ulifunguliwa, na aliyeufungua alikuwa na kamera ya mamilioni.

Mkiacha hilo, kuna jambo jingine ambalo nimeliandika mpaka wino umenichoka. Mwanzoni mwa video ile ile, kabla ya spika, kuna wavu wa mafuta ya ng'ombe umening'inizwa kwenye mwembe na kipande cha gogo kilichopakwa siagi ya karanga. Jamani! Ulaya na Marekani vigong'ota huja kwenye mafuta ya mnyama kwa sababu kuna baridi kali, siku ni fupi na wadudu wamejificha. Somanga hakuna theluji. Mafuta hayo kufika saa sita mchana ni uji wa siafu, na jioni ni karamu ya panya. Huyu wa kisogo chekundu anataka mabuu ya mbawakawa ndani ya vijiti vikavu, hata kwenye mabua ya mahindi yaliyosahauliwa shambani. Binamu yake wa mgongo wa kijani, Campethera cailliautii, anataka sisimizi na mayai yao. Hakuna kati yao aliyeomba karanga.

Chambo kilikuwepo tayari, kimesimama katikati ya ua. Pwani hii minazi mingi imekufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea: kichwa chote kinaanguka, shina linabaki kama lilivyo, linaoza taratibu na kujaa mabuu. Najua bwana shamba atasema likatwe, kwa sababu chonga nao huzaliana humo na kutoka kwenda kuishambulia minazi mizima. Ana hoja. Basi ukipogoa mikorosho, acha tawi moja kavu juu. Weka sahani ya maji chini yake wakati wa kiangazi. Shore na chozi watakuja, na kigong'ota huyu ana tabia ya kufuatana na makundi ya ndege mchanganyiko. Halafu kaa kwenye makuti yako usubiri.

Kusubiri ndiko kulikowapa majina wazee wetu wa kazi hii. Heinz Sielmann, Mjerumani, aliwapiga filamu vigong'ota wakiwa ndani ya kiota kwa kuufungua mti upande wa nyuma na kuweka kioo. BBC ilipoionyesha mwaka 1955, Waingereza wakambandika jina la Bwana Kigong'ota. Mtasema naye alikata mti. Kweli, lakini tazameni ndege wake: wanaingia na chakula, wanalisha, wanatoka, wanarudi. Hawajui kama kuna mtu. Alan na Joan Root pale Kenya, walipoutengenezea mbuyu filamu miaka ya 1970, walimwonyesha hondohondo jike akiwa amezibwa ndani ya shimo na dume akimlisha kupitia ufa. Tabia nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, bila ndege kuchokozwa kwa sauti ya adui. Leo mtu ana maktaba ya sauti ya xeno-canto na programu ya Merlin mfukoni, sauti ya kila ndege iko kidoleni, na matokeo yake ni ndege wale wale, wamesimamisha manyoya, wametoa macho, hawafanyi lolote.

Wa kulaumiwa si wapiga picha peke yao. Majaji wa mashindano wamewafundisha hivyo. Wanapenda ndege aliyejaa fremu, mandharinyuma laini na jicho linalong'aa, wala hawaulizi alifikaje pale. Nimewahi kuona picha ya kigong'ota akigonga, vibanzi vya mti vikiruka, ikawekwa chini ya picha ya kigong'ota aliyeitwa kwa spika, eti hii ya pili ni safi zaidi. Safi kwa nani?

Ushauri wangu kwa majaji ni mfupi. Kila picha ya ndege kwenye tundu au karibu na tundu ije na maelezo ya namna ilivyopigwa, na iliyopigwa kwa sauti msimu wa mayai itolewe kabla haijafika mezani. Kwa kipimo hicho, picha ya Somanga haipati nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Haishindani.