Cicely Tyson na Neno la Kukataa

Mwigizaji husifiwa kwa michezo aliyoicheza. Ile aliyoikataa haina mtazamaji, haipigiwi makofi, wala haitangazwi ukutani mwa nyumba ya sinema. Walakini mtu atakaye kuijua kazi ya Cicely Tyson, mwigizaji wa Marekani aliyefariki mwezi wa Januari 2021 akiwa na umri wa miaka 96, hana budi kuanzia huko kwenye kukataa. Huko ndiko nguvu yake ilikotoka. Na kwa maoni yangu, ndiko upungufu wake ulikotoka pia.

Kwanza tutazame soko alilolikuta. Mtu mweusi wa kwanza kupewa zawadi ya Oscar alikuwa Hattie McDaniel, mwaka 1940, naye aliipata kwa kucheza mtumishi wa nyumba ya Wazungu. Usiku wa kutunukiwa alikalishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake wa picha ile ile. Huo ndio uliokuwa mlango uliofunguliwa kwa mwanamke mweusi: aingie na sinia mkononi, aseme maneno mawili ya kuchekesha, atoke. Waliojaribu kuingia kwa mlango mwingine aghalabu waliukuta umefungwa.

Cicely Tyson alizaliwa New York mwaka 1924, akalelewa mtaa wa Harlem. Wazazi wake walikuwa wahamiaji waliotoka kisiwa cha Nevis katika bahari ya Karibi. Mama yake alifanya kazi katika nyumba za watu, na alikuwa mcha Mungu aliyeona kwamba michezo ya jukwaani na sinema ni njia ya upotevu. Binti alikuwa mpiga taipu ofisini, kisha akapigwa picha za mavazi kwa ajili ya magazeti, kisha akaingia katika uigizaji. Mama alipojua alimfukuza nyumbani, na kwa muda mrefu hawakusemezana. Nawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili. Mtu aliyeilipia kazi yake bei kama hiyo hawezi kukubali kuifanya kwa mzaha.

Mwaka 1963 alipata nafasi katika mchezo wa televisheni ulioitwa East Side/West Side, juu ya ofisi ya ustawi wa jamii mjini New York. Alikuwa karani wa ofisi hiyo, mtu wa pembeni katika kisa. Lakini alikuja na nywele zake fupi kama zilivyoota, bila kunyoshwa kwa chuma cha moto wala dawa. Siku hizi msichana wa shule huenda akauliza ajabu iko wapi. Ajabu ilikuwapo: mwanamke mweusi alikuwa hajazoeleka kuonekana hivyo kila juma sebuleni mwa Wamarekani. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba wasusi walimletea malalamiko kuwa wateja wanawakimbia! Mchezo ule haukudumu. Ulikoma mwaka 1964.

Picha iliyomtoa hasa ni Sounder, ya mwaka 1972, ambayo napenda kukaa nayo kidogo. Kisa chake ni cha familia ya wakulima weusi huko Louisiana katika miaka ya dhiki ya 1930, walimao shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno. Baba anaiba nyama ili watoto wale. Anashikwa na kupelekwa kazi ngumu. Mama na watoto wanabaki na miwa ya kuvuna. Katika kitabu cha William H. Armstrong kilichotangulia picha hiyo, watu wa familia hiyo hawana majina. Mwenye jina ni mbwa peke yake. Aliyewapa majina ni Lonne Elder, mwandishi mweusi aliyeutunga mchezo wa sinema, na mama akawa Rebecca. Hata hivyo, jina lililo katika karatasi si mtu bado. Tyson ndiye aliyemfanya kuwa mtu, na alitumia maneno machache mno. Tazama namna anavyosimama mbele ya mwenye duka anayemkaripia kwa deni: hainui sauti wala hainamishi kichwa. Kisha tazama siku mume anaporudi. Mbwa anabweka; kwa mbali njiani mtu anachechemea; mama anakaza macho, anasita, halafu anakimbia. Anakimbia vibaya, mikono ikitupwa ovyo, kama akimbiavyo mtu asiyejua kuwa anatazamwa. Katika mbio zile hamna urembo wowote, na kwa sababu hiyo zinachoma moyo.

Kwa mchezo huo aliteuliwa miongoni mwa waliowania zawadi ya Oscar, ingawa hakuipata. Alipokuwa akizunguka kuitangaza picha hiyo, mwandishi mmoja wa gazeti, Mzungu, alimwambia kwamba alishtuka kusikia mtoto mweusi akimwita mzazi wake kwa neno lile lile ambalo mwanawe mwenyewe humwitia yeye. Mtu mzima, tena aliyesoma, alikuwa hajafikiri kwamba watu weusi nao wana baba! Tyson alikisimulia kisa hicho mara nyingi, akisema ndicho kilichomfanya aazimie kuitumia kazi yake kama chombo. Tangu hapo hakutaka mchezo usiomheshimu mwanamke mweusi. Azimio hilo lilimgharimu, kwa kuwa michezo ya namna aliyoitaka ilikuwa haba.

Miaka miwili baadaye, Januari 1974, alionekana katika The Autobiography of Miss Jane Pittman, picha ya televisheni iliyotokana na kitabu cha Ernest Gaines. Alicheza mwanamke mmoja tangu ujana wake, utumwa ulipokwisha, hata umri wa miaka 110. Mafundi walimbandika ngozi ya bandia usoni, nao walistahili sifa. Lakini ngozi ya bandia haijui kutembea. Mwishoni bibi huyu, baada ya kijana aliyempenda kuuawa kwa kudai haki, anashuka garini na kuliendea bomba la maji lililotengwa kwa Wazungu. Anatembea polepole kwa fimbo yake, na askari wanamtazama. Picha haina haraka, nasi tunahesabu naye kila hatua. Anakunywa. Anageuka, anarudi. Gaines hakuandika hivyo kitabuni. Huko bibi anapita tu mbele ya mwenye shamba na kisa kinakoma. Mtu aweza kusema televisheni ilitia chumvi, kama ilivyoongeza mwandishi wa gazeti Mzungu wa kumhoji bibi, jambo ambalo halikuhitajika. Juu ya bomba, lakini, nawaunga mkono waliolitia. Tyson alitunukiwa zawadi mbili za Emmy kwa mchezo huo.

Sasa niseme lile upande wa pili. Atakaye kucheza watu wa kuheshimiwa tu, mara huishia kucheza masanamu. Mwaka 1978 Tyson alikuwa mke wa Martin Luther King katika King, na mwaka huo huo akawa Harriet Tubman katika A Woman Called Moses. Mwaka 1981 akawa mwalimu Marva Collins. Wote walikuwa watu wakuu, na ilifaa wasimuliwe. Lakini picha za aina hiyo hupiga magoti mbele ya watu wake, na mtu aliyepigiwa magoti hana nafasi ya kukosea, kuona wivu, wala kuchekesha. Simlaumu sana mwigizaji, maana aliyemnyima watu wa kawaida ni soko lile lililokuwa na mtumishi upande mmoja na shujaa upande wa pili. Hata hivyo hasara tuliipata sisi watazamaji. Mwaka 2011 alicheza mtumishi mzee katika The Help. Wako waliouliza kama hakuvunja azimio lake. Mimi naona hakulivunja, kwa maana hakuwahi kusema kwamba kazi ya mama yake haina heshima.

Zawadi za uzeeni zilikuwa nyingi, hata Oscar ya heshima mwaka 2018. Iliyo muhimu kwa hoja yangu ni Tony ya mwaka 2013, aliyoipata akiwa na miaka 88 kwa mchezo wa jukwaani The Trip to Bountiful. Horton Foote hakumwandikia mwanamke mweusi mchezo huo. Mwaka 1953 uliigizwa na Lillian Gish. Carrie Watts si shujaa wa taifa lolote. Ni bibi msumbufu kidogo, anayebanwa katika nyumba ndogo ya mwanawe na mkaza mwana, anayeficha hundi yake ya malipo ya uzeeni na kutoroka ili akaione tena nyumba aliyokulia. Hapo Tyson alikuwa mkaidi, mjanja, mwenye kuchekesha. Carrie alipoanza kuimba wimbo wa kanisani, watazamaji waliuitikia kutoka vitini mwao, na hakuna aliyewaomba waimbe.